Kifuniko cha Biki

Nsimire,

Kuna sauti ndogo ambayo sijaweza kuitoa kichwani kwa miaka mitatu. Ni sauti ya kifuniko cha biki kikivutwa kwa meno. Mtu aliyesimama hatua nne mbali haisikii. Mimi nilikuwa karibu. Nilikuwa nimeinama kando ya kitanda, nimeshikilia karatasi kwa vidole viwili isiteleze, na mzee aliyeketi mbele yangu akapokea biki yangu, akauma kifuniko, akakivuta, akakiacha katikati ya meno kama mtoto mwenye pipi, akatia sahihi bila kusoma. Kisha akanitazama akatabasamu. Na mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Umeenda Kadutu kumuaga koko, na najua bibi yule hatakuachilia mapema. Valizi yako iko karibu na mlango, imefungwa kwa ile kamba nyekundu. Mvua imeanza kwenye mabati, mchana huu wa Jumapili, na nyumba tayari inajizoeza kukaa bila wewe. Mambo ya sweta, ya mpaka, ya kutokula vya njiani, koko atakuwa ameyasema mara mbili, na tantine wako wa Kampala, utakayekaa kwake ukisoma, atayasema mara ya tatu. Nawaachia wao. Mimi nataka kukuandikia habari ya biki ile, kwa sababu kuna jambo nimelifanya wiki hii, linakuhusu kuliko unavyodhani, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine ukiwa mbali.

Unajua kazi yangu, lakini sina hakika kama niliwahi kukueleza vizuri. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, unaniuliza, nami nakupa jibu fupi la kitabuni. Aliyeielewa kwanza ni koko. Siku moja nilimwambia kwamba katika kila seli ya mwili kuna maandishi yaleyale, lakini juu ya maandishi hayo hubandikwa alama ndogo za kemia zinazosema: hapa pasisomwe. Ndiyo maana seli ya ngozi inakuwa ngozi na seli ya ubongo inakuwa ubongo. Herufi hazibadiliki, zinafunikwa tu. Katika uvimbe wa ubongo alama hizo zimekaa mahali pasipo pake. Kurasa ambazo zingeuzuia uvimbe zimefunikwa, na nyingine ambazo zingetakiwa kufungwa ziko wazi. Koko alikuwa anachambua maharagi. Akasema, "Ni kama Kwaresima. Sanamu iko, lakini wameweka kitambaa." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo, na nimekaa na maprofesa wengi.

Swali langu lilikuwa hili: uvimbe ukiondolewa kisha ukarudi, je, unarudi na vitambaa vilevile mahali palepale, au vimehamishwa? Ukijua hilo, pengine utajua kwa nini dawa iliyosaidia mara ya kwanza haisaidii mara ya pili. Lakini ili kulijibu unahitaji vipande viwili vya mtu mmoja, cha operesheni ya kwanza na cha operesheni ya pili. Na katika mji wetu wagonjwa wanaofika operesheni ya pili ni wachache sana. Wengine wanafika kwetu wakiwa wamechelewa, wengine wanarudi kijijini na hatuwaoni tena. Jozi nilizokuwa nazo zilihesabika kwa vidole. Nitakuambia jambo la aibu. Mgonjwa aliporudi na maumivu yaleyale, na picha zikaonyesha uvimbe umerudi, sehemu moja yangu ilihuzunika na sehemu nyingine ikahesabu.

Mzee wa biki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mudaka, amestaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu. Mke wake ni Maman Faida. Uvimbe wa Mwalimu ulikuwa mbele kabisa, nyuma ya paji la uso. Uvimbe ukikaa pale mara nyingi hauanzi kwa maumivu, unaanza kwa tabia. Wengine wanakuwa wakali. Mwalimu alikuwa mpole. Maman Faida alinisimulia, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na mkoba mapajani, kwamba katika miezi mitatu mume wake alikuwa amekubali kuwa baba wa ubatizo wa watoto watano, amewapa majirani mbuzi wawili, na amemruhusu jirani wa chini kulima ile kona ya shamba aliyomnyima miaka ishirini. Jirani mwenyewe alikuja kuuliza kama mzee yuko salama.

"Bwana yangu alikuwaka mutu wa hapana," alisema. "Hata padiri alikuwa anamwogopa."

Mwalimu alicheka sana kusikia hivyo, kana kwamba anasimuliwa habari za mtu mwingine.

Kisha nikatoa fomu yangu. Niliiandika mwenyewe, Nsimire, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na nilijivunia kile Kiswahili. Inasema kwamba kipande cha uvimbe kitatunzwa kwa utafiti, kwamba mgonjwa anaweza kukataa na atatibiwa vilevile, kwamba anaweza kubadili mawazo siku yoyote. Nilipofika mstari wa tatu tayari alikuwa ameomba biki. Ndipo nikasikia ile sauti. Na ndipo Maman Faida akainuka.

"Docteur, usikamate ile sahihi. Huyu muzee hakuumaka biki hata siku moja. Miaka makumi tatu alikuwa anapiga batoto juu ya ile."

"Niliwapiga kweli?" Mwalimu akauliza, kifuniko bado mdomoni.

"Uliwapiga."

"Basi niwaombe pardon."

Sote tulicheka, hata mwanafunzi wangu aliyeshika taa. Nikamwambia Maman Faida asiwe na wasiwasi, tutamuuliza tena baada ya operesheni, uvimbe utakapokuwa umetoka. Na hayakuwa maneno ya kumtuliza tu. Ilikuwa kanuni yetu, na mimi ndiye niliyeiweka. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa mwenye uvimbe wa mbele anaulizwa mara mbili, kwa sababu ndiyo ya kwanza hujui imetoka kwa nani. Mpaka ajibu mara ya pili, kipande chake kinakaa kwenye droo bila kukatwa. Wanafunzi waliandika hivyo madaftarini mwao.

Operesheni ilikwenda vizuri. Miezi minne baadaye Mwalimu alikuja kwa kontrole, kupimwa tena, peke yake, shati limepigwa pasi. Mwuguzi akamkaribisha kiti, akasema hapana, nitasimama. Akapewa chai, akasema hapana. Nikamwomba mwanafunzi abaki chumbani atazame, akasema hapana, mimi si ubao. Akasoma tangazo letu ukutani akanionyesha makosa mawili ya Kifaransa, na kwa sauti yake nilielewa wale watoto wa Mudaka waliogopa nini. Nilifurahi, nisikudanganye. Unapoona mtu amerudi ndani ya mwili wake, hakuna furaha nyingine kama hiyo katika kazi yetu.

Mwishoni alitia sahihi kwenye rejista. Akachukua biki, akavua kifuniko kwa vidole, akakichomeka nyuma ya biki, akaandika jina lake lote taratibu, akakirudisha kifuniko mahali pake mpaka kikakaza.

Nilikiona kile kifuniko. Fomu yangu ilikuwa kwenye droo, inagusa goti langu. Swali lingechukua dakika tano. Huyu ndiye mtu wa kuulizwa, nilijua, na leo ndiyo siku. Nikamwuliza kama analala vizuri. Nikamtakia safari njema.

Sikumuuliza kwa sababu nilijua jibu. Sababu nyingine nilizojipa baadaye, kwamba amechoka, kwamba wagonjwa wanangoja, kwamba nitamuuliza safari ijayo, zilikuja nyuma ya hiyo. Jioni ile nilitoa kipande chake kwenye droo, nikakipa namba saba, nikaanza kukikata.

Safari iliyofuata Mwalimu alikuja anatabasamu. Uvimbe ulikuwa umerudi. Akapelekwa tena kwenye operesheni, na kabla ya hapo nikampa fomu ya pili, na kifuniko kikatoka kwa meno. Safari hii Maman Faida alikuwa anatazama dirishani. Mwalimu hakuondoka tena hospitalini akiwa hai.

Hapa nasimama kidogo nirudi kwako.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Ulaya, miaka mitatu, kujifunza kuzisoma zile alama, kwa sababu hapa mashine hazikuwepo. Nilikuzaa nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza wa udaktari, na tangu siku hiyo kila mtu alikuwa ameniambia kwamba masomo yamekwisha. Niliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka pumzi. Nikakuketisha kwenye baraza la koko, nikashika mikono yako, nikakuuliza: niende? Ukasema ndiyo. Ulisema haraka, hata sijamaliza, na ukaniuliza kama ndege ina choo.

Miaka yote mitatu niliitembeza ile ndiyo yako kama hati ya kusafiria. Mtu akiniuliza nimemwachaje mtoto mdogo hivyo, nilijibu, Nsimire mwenyewe alikubali. Nilisema kwa majivuno. Nilijiona mama wa kisasa, ambaye anamwuliza mtoto.

Lakini asubuhi ya kuondoka kiatu changu cha kushoto hakikuonekana. Unakumbuka? Tulikitafuta nyumba nzima, koko akiapa kwamba ni panya. Nawe ulitafuta pamoja nasi, ukainama mpaka chini ya kabati. Niliondoka na viatu vya koko, vikubwa, nikivikokota mpaka uwanja wa ndege. Wiki tatu baadaye koko alipiga simu kwamba amekipata ndani ya gunia la maharagi, kimeingizwa mpaka chini kabisa, mkono mzima. Tulicheka mpaka simu ikakatika. Kule Ulaya nilikisimulia kiatu kile mezani mara nyingi, na watu walicheka kila mara.

Niliona maharagi, nikaona ujanja wa mtoto. Daktari aliyefundishwa kutazama mkono unafanya nini wakati mdomo unasema ndiyo, na hakuona. Au aliona, kama alivyoona kifuniko. Sijui lipi ni baya zaidi.

Niliporudi ulikuwa na miaka kumi na moja na ulinisalimu kwa mkono. Tangu hapo umeniambia ndiyo kwa kila kitu. Nibaki labo Jumamosi? Ndiyo, maman. Tuhame tuwe karibu na hospitali? Ndiyo, maman. Majirani wanakusifu kwa hilo. Mimi pia nilikusifu.

Sasa Maman Faida. Miezi kadhaa baada ya mazishi alikuja labo siku ya Alhamisi, ameshuka na mboga zake za soko. Alisema anajua tuna vipande viwili vya mume wake, na kwamba anavihitaji. Nilimkaribisha vizuri, nikampa kiti, nikatoa faili. Nikamwonyesha sahihi mbili. Alivaa miwani akazitazama kwa muda.

"Sahihi iko muzuri," akasema. "Lakini biki aliifungua na nini?"

Nikafunga faili. Akangoja.

"Na meno," nikasema.

"Na ile siku ya kontrole?"

"Na vidole."

"Ile siku ulimuuliza?"

Nilianza kumweleza kwamba kisheria fomu iko sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaikunja. "Docteur, ile ndiyo haikukuwa ya bwana yangu. Ilikuwa ya ugonjwa. Miye nilizika mutu wa hapana, na weye uko na ile yenye ilikuwa inasema ndiyo. Bon. Nitarudi jeudi."

Akarudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi la korido, kikapu miguuni, akingoja nitoke. Akawa anawazoea watu. Mwanafunzi wangu mmoja alipita na sanduku la vioo, naye Maman Faida akamwuliza, "Weye njo unakataka vichwa ya bantu?" Kijana akasema hapana maman, mimi naandika namba tu. "Basi andika bien," akamwambia, na akampa ndizi. Siku nyingine aliniambia kwamba hata barua ya serikali haichelewi kama mimi. Nilikuwa napitia mlango wa nyuma siku za Alhamisi, Nsimire. Daktari mzima, na koti jeupe, ninazunguka jengo kwenye matope nisikutane na mjane mwenye kikapu.

Nataka uelewe kwa nini. Namba saba haikuwa jozi kama nyingine. Ilikuwa jozi safi kuliko zote, na ndani yake jambo nililokuwa nalitafuta lilionekana waziwazi: kurasa zilizofunikwa mara ya kwanza zilikuwa wazi mara ya pili, na nyingine zimefunikwa mahali pao. Vitambaa vilikuwa vimehamishwa. Jozi nyingine zilinong'ona, hii ilisema. Bila namba saba zinazobaki hazitoshi kusimamisha tasnifu yangu. Nilimpigia profesa wangu wa Ulaya, ambaye si mtu mbaya, amenifundisha karibu kila ninachokijua. Alisema sahihi ni sahihi. Kisha akaniuliza swali la haki: nikikirudisha kipande kile, nitakuwa nimemsaidia nani? Kuna wagonjwa watakaokuja. Kichwa cha mtoto wa mtu kinaweza kuwa kinangoja jibu hili. Nikamshukuru, nikakata simu. Hata leo sina jibu lote la swali lake.

Kilichonigeuza hakikuwa hoja. Ni wewe.

Unakumbuka jioni ya fomu ya chuo. Nilikuwa nimeshaijaza mimi mwenyewe kwa penseli ili wewe upitishe wino juu yake: udaktari. Nilikuwa nimesimama jikoni napika, nikakuuliza kutoka kule bila kugeuka, umemaliza? Nikasikia sauti ambayo sikuijua.

"Hapana, maman. Mimi nataka wanyama."

Nilifikiri ni utani. Nikaja na mwiko mkononi. Ulikuwa umefuta penseli yangu yote, karatasi imechubuka, na ukaniambia kwamba tangu siku ile tulipokwenda Lwiro kuwaona sokwe, ukiwa na miaka kumi na mbili, ukamwona daktari akimfunga mmoja bandeji mkononi, hujawahi kufikiria kitu kingine. Miaka mitano! Na katika miaka hiyo mitano nilikuuliza mara ngapi, utakuwa daktari kama maman, nawe ukasema ndiyo.

Nilikukasirikia siku mbili, unajua. Nilifunga milango kwa nguvu. Siku ya tatu, nikiwa labo, nimeinama kwenye hadubini, nikaisikia tena ile hapana yako, na nikatambua kwamba ilikuwa ya kwanza. Katika miaka kumi na saba sikuwahi kusikia hapana yako ina sauti gani. Na kama sikuijua hapana yako, zile ndiyo zote nilizipima na nini? Nikaanza kuzirudia moja moja, kurudi nyuma, mpaka barazani kwa koko, mpaka kwenye gunia la maharagi. Nikainuka kwenye kiti. Ilikuwa Alhamisi. Nikatoka kwa mlango wa mbele, lakini Maman Faida alikuwa ameshaondoka. Benchi lilikuwa na majani mawili ya mboga.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Ukisamehe haraka nitashuku pia. Wala sikuambii uwe mtu wa kukataa kila kitu kama Mwalimu, maisha yatakuwa magumu, na padiri atakuogopa. Ninakuambia tu nilichokiona. Nimesoma miaka mingi juu ya alama zinazofunika maandishi, na muda huo wote nilikuwa na mtoto nyumbani ambaye alikuwa amejifunika, nami nilifurahia jinsi kitambaa kilivyokaa vizuri.

Kuna jambo moja zaidi ambalo unalijua vibaya na ni kosa langu. Siku moja uliniuliza kama ulikuwa mtoto mgumu kulea, ndiyo maana niliondoka. Nilicheka nikasema acha ujinga. Hilo halikuwa jibu. Jibu ni kwamba niliondoka kwa sababu nilitaka kuondoka. Nilikupenda na nilitaka kuondoka, vyote viwili asubuhi moja, na viatu vya koko miguuni. Ningekuambia hivyo tangu mwanzo, usingehitaji kujitafutia sababu.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Niliipelekea kamati ya maadili barua, nikaandika yote, kontrole, droo, goti. Waliniita, wakaniuliza maswali, mkuu wangu akasema ni haki yangu kukiondoa kipande lakini nisitegemee apige makofi. Alhamisi hii iliyopita sikumngoja Maman Faida kwenye benchi. Nilipanda pikipiki mpaka Mudaka, na vile vipande viwili ndani ya kopo la majani ya chai. Havikuwa vikubwa. Vimo ndani ya nta, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba.

Nilimkuta shambani. Akasimama na jembe, akanitazama nikihangaika na viatu vyangu vya mjini kwenye mitaro ya maharagi.

"Docteur, umepotea? Jeudi ni miye nakuyaka kwako."

Nikampa kopo. Akalifungua, akanusa. "Inanuka bougie ya kanisa," akasema, na alionekana ameridhika na hilo. Akauliza kipi ni cha kwanza na kipi ni cha pili. Nikamwonyesha. Hakumwita mtu. Tukaenda nyuma ya nyumba, palipo na msalaba wa simenti, akapiga magoti, akachimba kwa kijembe kidogo upande wa kichwa. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Shimo lilipotosha akanigeukia.

"Mbele ya kuiweka, umuulize."

Sikuelewa.

"Ile swali. Umuulize sasa."

Nilidhani ananidhihaki, na pengine alikuwa ananidhihaki. Lakini alikuwa amekaa juu ya visigino vyake, mikono ina udongo, anangoja. Basi nikapiga magoti. Nikalisema swali lote la fomu yangu, kwa kile Kiswahili changu nilichojivunia, neno kwa neno: Mwalimu, unakubali kipande hiki kibaki kwetu kwa ajili ya utafiti, ukijua kwamba unaweza kukataa? Jirani wa chini alikuwa analima kwenye ile kona, akasimama kututazama, kisha akaendelea.

"Umesikia?" akaniuliza Maman Faida.

"Nimesikia."

"Alisema nini?"

"Alisema hapana."

"Njo yeye. Njo bwana yangu," akasema. Akaweka vipande shimoni, akafunika, akapiga udongo kwa kiganja mara tatu kama mtu anayemlaza mtoto. Kopo akanirudishia. Alinipa mashada mawili ya mboga za lengalenga. Ndizo zile tulizokula jioni ile, ukaniuliza nimezipata wapi hata ni tamu hivyo, nami sikukujibu.

Ijumaa nilimwandikia profesa nikamwomba afute usomaji wote wa namba saba, na amefuta. Tasnifu haitatetewa mwaka huu, wala mwaka ujao, labda haitatetewa kamwe. Nitaanza upya na jozi zitakazokuja, na kila mmoja ataulizwa mara mbili, na mara ya pili nitaangalia mikono.

Najua ni tasnifu gani hiyo, Nsimire. Ni ile iliyokula miaka yako mitatu. Mwalimu alipaswa kuulizwa, na wewe vilevile, kwa sababu ulichangia kuliko mtu yeyote na hukutia sahihi popote. Nilikuwa na siku nzima ya Jumatano, kabla ya kwenda Mudaka, tulikuwa wawili nyumbani, unakunja nguo, ningeweza kukuuliza: niiache? Sikukuuliza. Nilijua ungesema ndiyo.

Maman